Nilimuua Daphrose kwa Mistari Mitano

Remera, Septemba 1992

Mpendwa Mama Illuminée,

Mimi ndiye kijana pekee katika Kigali yote aliyemuua msichana siku ya Jumatano na kumfufua siku ya Jumamosi, na kazi zote mbili nilizifanya kwa kalamu moja ya biki ya buluu, tena ilikuwa karibu kuisha wino. Naomba msaada wako huko gazetini, lakini usinihurumie, maana hapa Remera watu wananisalimia mpaka mkono unachoka.

Naitwa Ngabo, nina miaka kumi na tisa, shule niliiacha mwaka wa sita, au tuseme tuliachana kwa amani, yeye akabaki na vitabu vyake na mimi nikabaki na akili zangu. Meza yangu iko kwenye baraza ya duka la vitambaa, ukitoka uwanja wa Amahoro unaniona kabla hujafika kituo cha basi, na kazi yangu ni kuandikia watu barua, za kuomba kazi, za kuomba msamaha, za kumuuliza mwenye nyumba maji yatarudi lini. Kiswahili nilikipata kwa madereva wa malori ya Tanzania, Kinyarwanda nilizaliwa nacho, na Kifaransa nakiandika kwa ujasiri.

Meza ya pili kwenye baraza hiyo hiyo ni ya Mwalimu Nsengiyumva, aliyefundisha miaka thelathini, mwenye mashine ya kuchapa na miwani iliyoshikizwa kwa uzi. Mteja akija kwake anaulizwa maswali mpaka anasahau alichokuja kuandika. "Inakwenda kwa nani? Atasoma mwenyewe au atasomewa? Akiisikia atakuwa na nani?" Mpaka amalize kuuliza, mimi nimeshafunga bahasha tatu. Basi miezi miwili iliyopita aliniambia, "Ngabo, macho yangu yanakwisha. Kaa na mimi mwaka mmoja ujifunze kuandika, halafu mashine na meza nakuachia." Nikamjibu, "Mwalimu, mimi naandika tayari." Akasema, "Hapana, sha, kijana wangu. Wewe unapamba."

Sasa swali langu ndilo hili, na sababu zake zinafuata: siku hizi kila chama kina gazeti na kila gazeti linaandikwa na yeyote mwenye vidole, je, sarufi na mwandiko mzuri bado vina kazi gani, na kijana ambaye ameshamshinda mwalimu wake mbele ya umati ana haja gani ya kukaa chini yake mwaka mzima kama mtoto wa darasa la kwanza?

Nikueleze nilivyomshinda. Kuna fundi cherehani anaitwa Daphrose, anaishi na Libère, mwashi kutoka Burundi, mtu mpole anayejenga ukuta ukanyooka kuliko maisha yake. Libère alimchukua Daphrose kwao Kibungo bila kutuma wazee kumwomba, na wewe unajua kwetu posa ni maneno, wazee wa huku wanasema, wazee wa kule wanawakatalia, wanasemezana nusu siku mpaka pombe inafunguliwa. Sasa Libère angemtuma nani, wakati wazee wake wengine wako ng'ambo ya mpaka na wengine wako chini ya udongo? Baba yake Daphrose, Mzee Ntakirutimana, akasema hana tena binti, na kwa miaka miwili hakukanyaga Kigali. Padri alipokubali kuwafungisha ndoa, Daphrose akasema mbele yetu sote, "Bila baba siingii kanisani, na Libère, nisipoingia mara hii narudi kwetu kulima, kwa sababu nimechoka kuishi kama mtu aliyeibwa."

Mwalimu alikuwa ameshamwandikia huyo mzee barua tatu kwa niaba ya Daphrose, zimepigwa mashine, kila nukta mahali pake. Kimya. Ikabaki wiki moja. Jumatatu Libère akaja mezani kwangu, akaongea polepole ili Mwalimu asisikie.

"Ngabo, mwalimu anaandika muzuri, lakini muzee iko kimya tu. Fanya weye."

Nikamwambia barua imepitwa na wakati, tunakwenda kutoa tangazo redioni, mzee asiyefungua bahasha hawezi kuziba masikio ya kijiji kizima.

Mama, fomu ya tangazo ilikuwa na mistari mitano. Na kila mtu katika nchi hii anajua kwamba tangazo la kumwita mtu kwa jamaa zake linamalizika kwa maneno "habari ni njema," kwa sababu yasipokuwepo watu wanaanza kulia kabla mtangazaji hajavuta pumzi. Hata mimi najua. Lakini nilianza kwa heshima na taadhima, nikaweka jina la mzee na sifa zake, nikamtaja Libère kwamba ndiye anayemwita, nikaandika afike Remera Jumamosi asubuhi bila kukosa kwa ajili ya binti yake Daphrose, na mstari wa tano nikaandika hivi: "Limetungwa na Ngabo, mwandishi mashuhuri wa Remera." Karani akasoma, akaniangalia.

"Kijana, hakuna 'habari ni njema' hapa?"

"Nafasi imeisha."

"Si ufute huu mstari wa mwisho?"

Nikamwambia mzee ataelewa.

Lilisomwa Jumatano jioni, katikati ya matangazo mawili ya msiba. Alhamisi asubuhi Mwalimu alinikuta barazani, hakuketi.

"Nimesikia tangazo lako."

"Limekaaje?"

"Limemuua Daphrose."

Nikakimbia redioni kusahihisha, wakaniambia nafasi iliyopo ni ya Jumatatu, na harusi ni Jumamosi. Nikarudi kwa Mwalimu, nikidhani atanicheka. Hakucheka. Alisema, "Basi utampokea wewe mwenyewe kituoni. Usimtume mtu."

Jumamosi nilikuwa kituoni mapema. Basi la Kibungo lilichelewa kwa sababu ya kukaguliwa vitambulisho njiani, na lilipofika akashuka mzee mrefu mwenye koti zito, nyuma yake ndugu zake wawili, mmoja na jembe, mwingine na mkeka uliokunjwa. Mkeka wa kumfungia maiti, Mama. Aliusuka marehemu mke wake, mama yake Daphrose, na mzee alikuwa hajaulalia hata siku moja. Nikamwendea, nikamwambia, "Mzee, Daphrose ni mzima." Akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mfiwa. "Ndivyo mnavyosema njiani, mwanangu, ili mtu apate nguvu za kufika." Njia nzima nilirudia, na kila nikirudia alizidi kuamini kwamba binti ameshazikwa.

Tulipoingia uani kwa Libère, Daphrose alitoka, nusu ya nywele zimesukwa, nusu zimesimama. Mzee akakaa chini palepale, hakuchagua mahali. Akamshika mguu. Akaubonyeza, kama mtu anayenunua kiazi. Halafu akasimama, na uso wake ukafunga kama mlango.

"Mmeniita kwa kifo," akasema. "Nilipokataa kuja kwa wema mkaamua kuniita kwa kifo." Akamwambia ndugu yake achukue mkeka, wanarudi.

Daphrose hakumfuata. Aliuliza tu, "Baba, barua zangu ulizisikia?"

Mzee akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa bahasha tatu zimefungwa kwa ugwe wa mgomba, hata moja haijafunguliwa. "Sijui kusoma, na nilikataa kusomewa. Nilizileta zisomwe kaburini." Akatazama watu waliojaa uani, akaona kalamu kwenye mfuko wa shati langu. "Wewe. Una sura ya mtu wa karatasi. Soma."

Nikasoma. Ya kwanza ilisema, "Baba, mtu niliyemfuata hana mzee wa kumtuma kwako. Angekuja mwenyewe ungemfukuza, na ungekuwa na haki. Kwa hiyo naituma karatasi hii ije ikae mbele yako mahali ambapo wazee wake wangekaa. Ikatalie kama ambavyo ungewakatalia wao. Itarudi tena, kama ambavyo wao wangerudi." Ya pili ilirudi, ikaomba tena, ikajibu kila ambalo baba angeweza kusema, na ikaeleza Libère ni mtu wa namna gani, kwamba akijenga nyumba ya mtu anauliza mama mwenye nyumba atapikia wapi. Ya tatu ilikuwa na mistari miwili: "Baba, wazee wamechoka kusimama. Wafungulie au wafukuze, lakini uwaangalie."

Mama Illuminée, nikaikunja karatasi ya tatu. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, mbele ya watu wote, akasema, "Kijana huyu ana kinywa cha wazee. Libère amepata wa kumsemea." Akauchukua ule mkeka, akautandika uani, akawakalisha Daphrose na Libère juu yake. Tukaenda kanisani, nywele za Daphrose zikimaliziwa kusukwa njiani. Na sikiliza hili: harusi ilitegemewa kuwa na watu kumi na tano, lakini mchana magari mawili ya kijiji kizima yakafika kuzika, wakakuta ngoma, wakaingia wakicheza na kanga zao za msiba. Remera haijaona harusi kama hiyo. Walinibeba mabegani kuanzia uani mpaka kituo cha basi.

Mwalimu alikuwepo, kwenye lango la ua, kofia mkononi. Aliondoka kabla ya chakula. Tangu siku hiyo hajakaa barazani, mashine ameifunika gunia, na tukikutana njiani anaitikia salamu yangu, basi. Nadhani ni wivu. Barua zake tatu zilibaki ndani ya koti, mistari yangu mitano ilimleta mzee kwa siku tatu. Sasa nambie, nikamwombe mashine yake kabla hajampa mtu mwingine, au nimwache na sarufi yake?

Wako mwandishi mashuhuri,
Ngabo wa Remera

MAMA ILLUMINÉE ANAJIBU

Kijana wangu Ngabo,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka mpaka nikamwaga chai, mara ya pili sikucheka sana. Una kipaji, sikufichi. Na ulikwenda kituoni wewe mwenyewe kumpokea mzee uliyemfishia binti, jambo ambalo watu wazima wengi wangelikimbia. Hilo nimeliona na nimeliweka upande wako. Sasa kaa vizuri, maana upande wa pili una vitu vingi zaidi.

Unasema mistari yako mitano ilimshinda mwalimu. Mistari yako ilimleta mzee na jembe. Ilimtembeza siku tatu akiwa hana mtoto, mzee wa watu, akiwa amebebewa mkeka wa mkewe. Na alipofika na kumkuta binti ni mzima, alifanya nini? Aligeuka kurudi. Umeandika mwenyewe. Kama pale uani kungekuwa na tangazo lako tu, leo Daphrose angekuwa analima Kibungo, au angekuwa Remera bila baba mpaka kufa. Kilichomkalisha mzee chini ni karatasi tatu za mtu aliyejiuliza, kabla ya kugusa mashine, nani atazisikia na atakuwa katika hali gani. Zilikaa kwenye koti muda wote huo na hazikuharibika. Siku zilipofunguliwa zilifanya kazi saa ileile. Andika wewe kitu kinachoweza kungoja hivyo, halafu tuzungumze habari za umashuhuri.

Unaniuliza kama mwandiko mzuri bado una kazi siku hizi. Wewe ndiye jibu langu, mwanangu. Ulikuwa na nafasi ya mistari mitano na maneno matatu tu yaliyohitajika, na karani akakuonyesha pa kuyaweka. Uliyaacha nje ili jina lako lipate pa kukaa. Usiniambie hilo ni kosa la shule kuisha mapema. Kuna watu hawajaingia darasani hata siku moja na wasingelifanya.

Sasa tufike kwenye lile ulilolificha, kwa sababu mtu aliyebebwa mabegani hamwandikii mshauri. Mzee hamshiki msomaji kwa mikono miwili akamwambia ana kinywa cha wazee. Msomaji anashukuriwa na kupewa kiti. Kwa hiyo kabla ya kukushika mkono mzee alikuuliza swali, na swali hilo mimi nalijua hata kama sikuwepo, na jibu ulilotoa nalijua pia, na Mwalimu Nsengiyumva pale langoni alilisikia. Wala usiseme wivu tena. Mwenye wivu angefungua mdomo. Yeye alikaa kimya ili harusi ya Daphrose isivunjike mara ya pili, akaenda nyumbani na njaa.

Basi utafanya hivi. Leo, siyo Jumapili, nenda nyumbani kwa mwalimu wako bila kalamu mfukoni. Mashine usiitaje. Msalimu, kaa pale atakapokuonyesha, mwambie ulichofanya kwa maneno yako ya kawaida, na akikuuliza kwa nini, usipambe. Kisha umwandikie Mzee Ntakirutimana. Yeye hasomi, atasomewa, na huenda atakayemsomea ni jirani mwenye kupenda umbea, kwa hiyo andika jambo ambalo halitamwaibisha Daphrose wala Libère hata likisomwa kwa sauti barabarani. Usipite mistari mitano. Mwonyeshe mwalimu kabla ya kufunga bahasha, na kila atakapokata, kubali. Nafasi ikikubana, unajua sasa ni mstari upi wa kufuta.

Ukimaliza niletee nakala. Nitaichapisha hapa, na mwisho wa mwaka nitapita Remera mwenyewe kuona nani amekaa kwenye meza ipi.

Mama Illuminée

KUTOKA KWA NGABO, WIKI NNE BAADAYE

Mama Illuminée,

Unatisha. Umekaa huko gazetini na umeona mpaka langoni kwa Libère, nadhani tungekupeleka mpakani utuambie vita vitaisha lini.

Lakini usifikiri nimeshindwa. Kwa mwalimu nilikwenda siku ileile gazeti lilipotoka, akanifungulia, akanipa kigoda, nikasema. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani, akauliza, "Umekula?" Nikasema bado. Akasema, "Na mimi siku ile sikula." Tukala viazi na maharage, sahani moja. Kesho yake gunia lilitoka juu ya mashine, na sasa baraza ina meza moja na nusu, kwa sababu mimi nakaa pembeni ya yake. Wateja nawauliza nani atasomewa na akiisikia atakuwa na nani, mpaka wanakasirika. Barua ya mzee niliiandika mara tisa. Mara nane Mwalimu alikata zaidi ya alivyoacha. Mara ya tisa hakukata kitu, akasema tu, "Mstari wa nne uko sawa." Uliza Remera nzima kama kuna mtu mwingine aliye hai aliyeambiwa maneno hayo na Nsengiyumva. Hakuna. Ni mimi peke yangu.

Na mzee amejibu. Amejibu kwa redio, Mama, juzi jioni, duka zima likaongeza sauti. "Mzee Ntakirutimana wa Kibungo anamjulisha Mwalimu Nsengiyumva wa Remera kwamba atafika kwake Jumapili ijayo na pombe yake, kumsalimu. Habari ni njema." Daphrose alicheka huku analia kitambaa kikiwa bado kwenye cherehani, na Libère akatangaza kwamba atamjengea mwalimu baraza mpya, bure, yenye kivuli. Mwalimu mwenyewe alijifanya anatafuta miwani, na miwani iko usoni.

Nakala uliyotaka ndiyo hii. Mistari mitano, hesabu mwenyewe. Jina langu sikuliweka mwanzoni wala katikati.

"Mzee wetu, Daphrose na Libère hawajambo, wanalalia mkeka wa mama, habari ni njema.
Mimi ni yule kijana wa kituoni, na tangazo lililokutembeza siku tatu za msiba ni langu.
Daphrose hakujua wala Libère hakujua, niliacha maneno ya heri nje ili nijisifu.
Na uliponiuliza barua zile tatu ziliandikwa na nani, nilisema ni mimi.
Si mimi. Ni Mwalimu Nsengiyumva, aliyekuwa amesimama langoni na kofia mkononi, akanisikia."